Chai yangu ina rangi tu, ladha hakuna. Nisaidieni kabla shangazi hajarudi

Mpangaji_Chumba3 (mleta uzi) – Jumatatu, saa 3 usiku

Wakuu, habari za usiku.

Nina miaka 26, nimehama nyumbani mwezi wa tatu huu, nimepanga chumba kimoja Mbagala. Ugali najua, wali najua, hata maharage siku hizi hayaniungulii. Kinachonishinda ni chai. Naipika kila asubuhi na kila asubuhi nakunywa maji ya moto yenye sukari.

Sasa Jumapili shangazi yangu alipita. Huyu shangazi ni wa Lushoto, amechuma majani ya chai ujana wake wote, kwa hiyo mnaelewa nilikuwa napeleka mtihani kwa mwalimu gani. Nikamkaribisha chai ya maziwa. Akapiga funda moja. Akapiga la pili. Akakiweka kikombe chini taratibu, akakisogeza kidogo kwa kidole kama mtu anayepisha njia, akasema, "Haya baba, na kazi inaendaje?" Hakukigusa tena mpaka anaondoka.

Jumapili hii anarudi.

Ninavyopika: nabandika maji, yakipata moto namwaga maziwa, majani, sukari na ule unga wa viungo wa pakiti, vyote kwa pamoja. Ikichemka na rangi ikikolea naepua. Nakosea wapi? Nielekezeni kama mtoto wa chekechea. Sina kinu, sina mizani.

Ngosha_Mtata

Nimefungua uzi nikijua umetuletea chai, kumbe umetuletea chai kweli.

Ngoja waje wenye majiko yao. Nimekaa paleee.

Mama Ukwaju

Mwanangu, kosa lako umelitaja mwenyewe: "vyote kwa pamoja." Kwenye sufuria ya chai kila kitu kina zamu yake.

Mdalasini ni gome la mti. Tangawizi ni mzizi. Iliki ina ganda. Hivyo vitu ni vigumu, vinataka muda kwenye maji peke yake. Majani yanataka dakika chache tu. Ukiviweka pamoja, ukisubiri viungo viive majani yanakuwa yameshatoa ukakasi wake wote, ulimi unakauka. Ukiepua mapema kuwahi majani, viungo vinabaki vimelala. Wewe ni wa pili, unaepua mapema. Rangi hutoka upesi ndiyo maana unadhani imeiva.

Fanya hivi kwa vikombe viwili. Maji kikombe kimoja na nusu. Iliki tano, zipasue. Huna kinu, tumia kitako cha glasi nzito juu ya kibao, ikilia "kra" inatosha, hatutaki unga. Mdalasini kijiti cha urefu wa kidole chako cha mwisho. Tangawizi kiasi cha kichwa cha kidole gumba, iponde hivyo hivyo. Karafuu mbili. Nimesema mbili.

Funika sufuria. Hapa ndipo vijana mnapokosea, mnaacha wazi halafu mnafurahi chumba kinanukia. Hiyo harufu ilitakiwa iwe kikombeni. Ikianza kuchemka punguza moto, iache itokote dakika nane mpaka kumi. Ukifunua maji yamekuwa na rangi ya mti na mvuke unakupiga puani, hapo weka majani, vijiko viwili vidogo, visiwe vya mlima. Dakika tatu. Ndipo maziwa kikombe kimoja, yawe yameshachemshwa na yana moto, usimwage ya baridi. Iache ipande, ikikaribia mdomo wa sufuria punguza moto ishuke, ipande tena, epua, chuja.

Sukari mwisho, kila mtu kikombeni kwake. Na huo unga wa pakiti mpe jirani. Viungo vikishasagwa na pakiti ikafunguliwa, baada ya wiki chache unabaki na vumbi lenye jina zuri.

Chapati_Mbili

Mama Ukwaju heshima yako, ila kwetu Arusha maziwa yanabandikwa yenyewe, majani humo humo, hakuna tone la maji. Chai ya nusu maji ni ya kubana matumizi.

Mama Ukwaju

Mwanangu Chapati, hiyo ni tamu sikatai, ila ni tamu ya maziwa. Jaribu siku moja: glasi mbili, moja maji ya moto, nyingine maziwa ya moto, majani kiasi kile kile. Angalia baada ya dakika mbili. Kwenye maji imekolea, kwenye maziwa bado inajivuta. Mafuta na protini ya maziwa vinaushika ule ukali wa majani. Ni jambo jema, ndiyo maana chai ya maziwa haikwaruzi koo, lakini kwanza majani yatoe kilichomo ndani yake, na hicho yanakitoa kwenye maji. Anayeanza asianzie kwenye maziwa matupu, atamaliza pakiti ya majani hajaona kitu.

Mpangaji_Chumba3 – Jumanne, saa 2 usiku

Ripoti ya leo ni ya msiba.

Nimefuata yote, ila nikasahau tangawizi. Nikaikumbuka maziwa yameshaingia. Nikasema potelea mbali, nikaikwangua ile tangawizi mbichi nikaitumbukiza humo humo na juisi yake. Kabla haijapanda mara ya pili naona vipande vyeupe vinaelea, chini maji ya kijani kijani. Maziwa yamekatika. Na yalikuwa mazima kabisa, nusu niliyobakiza nimekunywa sasa hivi.

Ngosha_Mtata

Shangazi anakuja kula jibini.

Dada_Maabara

Pole mkuu. Maziwa yako hayana kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini, na maziwa ni protini. Kikikutana na maziwa yenye moto wa wastani kinayagandisha. Wachina wa Guangdong wanafanya makusudi: wanamimina maziwa ya moto juu ya juisi ya tangawizi, wanayaacha yagande, wanakula kwa kijiko kama kitindamlo. Kwa hiyo umepika mlo wa watu, umekosea nchi tu.

Dawa ni ile zamu aliyosema Mama Ukwaju. Tangawizi ikichemka kwenye maji dakika tano au zaidi, kile kimeng'enya kinakufa kwa moto, inabaki ladha na ukali wake. Baada ya hapo maziwa hayana ugomvi nayo. Ukiisahau, isahau moja kwa moja, kunywa bila tangawizi.

Lingine, maziwa ya kupimiwa kwenye ndoo yachemshe kwanza peke yake kwenye sufuria nyingine. Kama yalishaanza kuchacha yatakatika huko huko, utapoteza maziwa tu, chai yako itabaki salama.

Jani_Bichi

Naomba niongelee majani maana naona wote mmekimbilia viungo.

Nimefanya kazi kiwanda cha chai Mufindi miaka minne, upande wa kuchekecha. Jani bichi likifika linatandazwa linyauke, kisha linapita kwenye rola zenye meno zinazolisaga, kulichana na kuliviringisha. Linaachwa lipigwe na hewa mpaka ule ukijani ugeuke rangi ya shaba, ndipo linaingia kwenye kikaushio. Mwisho linachekechwa kwa ukubwa: punje kubwa upande wake, ndogo upande wake, na chini kabisa ile tunayoita vumbi. Siyo uchafu, ni chai halali, ila ni laini kama unga wa kahawa.

Sasa msikilize mleta uzi anavyosema, "rangi ikikolea naepua." Vumbi linatoa rangi papo hapo. Likigusa maji tu tayari ni mekundu, lakini mwili wa chai bado. Ukiliacha sana nalo linageuka chungu kwa kasi. Kwa anayejifunza nashauri punje, unaziona kabisa, nyeusi, duara duara, zinateleza kwenye kiganja. Zinakupa nafasi ya kukosea dakika moja bila adhabu. Na usihesabu kwa rangi, hesabu kwa saa ya simu.

Jambo la pili, ulinunua wapi na unayaweka wapi? Jani la chai linanyonya harufu kuliko sponji. Nimewahi kununua pakiti dukani kwa Mangi, ilikuwa imekaa rafu moja na sabuni ya unga. Nilipika mara tatu nikidhani sijasuuza sufuria. Ukifika nyumbani yahamishie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, mbali na jiko, mbali na vitunguu, na mbali sana na dagaa.

Mpangaji_Chumba3

Mkuu Jani_Bichi, naandika hapa nikiangalia rafu yangu. Pakiti ya majani iko wazi, imebanwa na kibanio cha nguo, pembeni yake kuna dagaa wa Mwanza.

Jani_Bichi

Hayo tupa. Pole lakini tupa.

Mtoto wa Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Naona mwamsomesha kijana chai ya maziwa kabla hajajua kupika mkandaa. Huku mkandaa ndiyo hiyo mwaita chai ya rangi, wengine husema sturungi. Ukiiweza hiyo, maziwa ni nyongeza tu, maana kwenye mkandaa hakuna pa kujificha. Majani yakiwa mabaya wayajua, viungo vikizidi wavijua.

Mimi hufanya hivi. Nyuma ya nyumba twapanda mchaichai. Nakata majani marefu matatu manne, nayaosha, nayakunja yote pamoja kisha nayapiga fundo, lile fundo kabisa la kamba. Fundo hulipasua jani kila mahali bila kisu, na wakati wa kutoa walichota kwa uma mara moja. Latumbukizwa kwenye maji na iliki mbili, lafunikwa dakika tano, kisha majani ya chai dakika mbili na nusu, basi. Usilichemshe sana, lanuka nyasi.

Na kwa faida ya ndugu wa Tanzania wanaodhani chai ya Kenya yatoka Kenya peke yake: mnada wa chai ulianza Nairobi 1956, ukaletwa hapa Mombasa 1969, na chai yenu, ya Uganda, ya Rwanda na ya Burundi huuzwa papa hapa. Yamkini yule anayejisifu ughaibuni kwamba hanywi ila ya Kericho, kikombeni mwake mna Rungwe nusu.

Njombe_Baridi

Na sisi wa nyanda za juu mtukumbuke. Dakika zenu ni za Dar na Mombasa. Kwenu maji yanachemka nyuzi 100. Huku Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayapandi zaidi hata uongeze kuni za jirani. Viungo mimi navipa dakika kumi na tano, majani tano. Nilikaa Dar wiki mbili nikapika kwa mazoea yangu, wenyeji wangu wakaniuliza kama ni dawa.

Mpangaji_Chumba3 – Alhamisi, saa 1 asubuhi

Nimepika kabla ya kwenda kazini. Majani mapya, punje. Viungo vimechemka vimefunikwa dakika tisa. Harufu wakuu! Jirani wa chumba cha pili amekohoa kile kikohozi cha kuulizia.

Ila kuna mambo mawili. Kwanza ulimi umekufa ganzi, mpaka sasa niko kwenye daladala nauma mdomo nahisi si wangu. Karafuu niliweka kumi, nikidhani mbili ni za mtu mmoja mwoga. Pili, hata nikiondoa hizo karafuu kuna ladha moja nyuma ya ulimi siielewi, kama chuma, kama chumvi. Na juu ya kikombe kuna utando wenye kung'aa. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza, nikadhani ni unga wa viungo.

Mkarafuu

Ndugu yangu, mimi wa Pemba, karafuu tumekulia juu ya miti yake. Mafuta ya karafuu ndiyo hayo hayo ya kutuliza jino linalouma. Umeweka kumi, umejitibu jino ambalo haliumi. Mbili kwa vikombe viwili, na kama ni nzima zenye kichwa chake juu, hata moja yatosha. Ibonyeze kwa ukucha kabla ya kununua: ikitoa mafuta, nunua. Ikivunjika kavu kama kijiti, hiyo imeshakamuliwa au imezeeka.

Mama Ukwaju

Nilisema mbili.

Sasa niambie, maji unatoa wapi?

Mpangaji_Chumba3

Kisima cha hapa hapa uani, mama. Mwenye nyumba amechimba. Ndiyo tunayopikia na kuogea wote.

Mama Ukwaju

Yana chumvi?

Mpangaji_Chumba3

Kidogo. Sabuni haitoi povu vizuri. Nimeshazoea, siisikii tena.

Mama Ukwaju

Shangazi yako aliisikia.

Mwanangu, tumekaa siku nne tunahesabu karafuu wakati ugonjwa uko kwenye ndoo. Mtu aliyekulia milimani Lushoto, maji yake ya kijito, unampa chai ya kisima cha pwani! Ule utando unaong'aa ndio ushahidi, maji yenye madini mengi yakikutana na majani yanatengeneza ngozi ile. Viungo haviwezi kuuficha, sukari ndiyo kabisa. Ukiongeza sukari unapata tamu yenye chumvi, kama maji ya kumpa mtoto anayeharisha.

Nunua dumu la maji ya kunywa, liwe la chai tu. Au kama kuna bomba mtaa wa pili, tuma dumu. Msimu wa mvua kinga ya bati baada ya mvua kubwa ya kwanza kuosha vumbi, yachemshe, hakuna chai inayoshinda hiyo.

Njombe_Baridi

Aisee, hapo nimejifunza kitu. Huku hatujawahi kuyawaza maji.

Bin_Seif_Muscat

Mnaniliza njaa usiku huu. Huku Oman mambo ni karak. Neno lenyewe wameliokota kwa Wahindi, kadak, yaani nzito, kali. Majani ya punje mengi, iliki, maziwa ya kopo, wengine na nyuzi za zafarani, halafu inaachwa ipande na kushuka mara nyingi mpaka inakuwa rangi ya tofali. Unapiga honi nje ya kibanda, unaletewa dirishani mwa gari. Bibi yangu mzaa baba, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akiionja anasema nzuri, kisha anarudi nyumbani kupika ya kwake.

Kijana, ukikosa maziwa mabichi, ya kopo ni rafiki mzuri wa anayeanza. Hayakatiki ovyo. Weka nusu ya kiasi cha maziwa ya kawaida, na sukari angalia kopo kwanza, mengine yana sukari tayari.

Dada_Maabara

Angalizo dogo kabla ya Jumapili. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye chakula, hasa ya mboga na maharage. Kama shangazi ana tatizo la upungufu wa damu, au mnao wajawazito nyumbani, ikae mbali na mlo, saa moja hivi. Mwisho wa mhadhara.

Chapati_Mbili

Na kama utaihifadhi kwenye chupa, chuja kwanza. Mimi nyumbani walikuwa wanamimina na majani yake, ikifika saa nne unakunywa gome la mwarobaini. Chupa yenyewe inuse ikiwa tupu. Kama ilibeba uji wa jana chai itakuambia.

Mpangaji_Chumba3 – Jumapili, saa 4 usiku

Wakuu, nimerudi.

Jana nilinunua dumu la lita 10. Nikanunua na sufuria ndogo mpya, maana ile ya zamani ndiyo ya maharage, sikutaka kesi nyingine. Usiku nikapika ya majaribio. Ile chuma nyuma ya ulimi haikuwepo, na kikombe hakikuvaa ngozi. Nilikaa kitandani nimeshika kikombe kama mjinga, nashangaa miezi mitatu yote nimekunywa nini.

Leo shangazi kafika saa tisa alasiri. Sikupika kabla, nimepika mbele yake. Kiti changu ni kimoja, yeye kakaa kwenye kiti, mimi nimechuchumaa kwenye jiko la gesi. Nikapasua iliki kwa kitako cha glasi. Akaangalia. Nikahesabu karafuu mbili, nikazirudia kuzihesabu. Nikafunika. Akaangalia mfuniko, akaniangalia mimi, akaendelea kuongea habari za mgogoro wa shamba. Nilipotoa simu kuhesabu dakika tatu za majani akanyamaza kabisa, akavuta harufu, akasema "toa sasa." Simu ilikuwa inasoma dakika mbili na sekunde hamsini.

Nikammiminia. Funda la kwanza. La pili. Mimi macho kwenye mkono wake, nasubiri kikombe kiende chini. Hakikwenda. Akakishika kwa mikono miwili, akauliza, "Maji umetoa wapi?" Nikamwambia ya dumu. Akatikisa kichwa, akanywa mpaka chini, akaninyooshea kikombe bila kusema neno. Cha pili akanywa na andazi. Cha tatu tukagawana kilichobaki kwenye sufuria.

Wakati namsindikiza kituoni ndipo akauliza, kwa sauti ya huruma kabisa: "Baba, ile ya wiki iliyopita ulikuwa unaumwa?"

Mama Ukwaju

Nimecheka mpaka mume wangu kaamka. Hongera mwanangu. Wiki ijayo tunaanza maandazi.

Jani_Bichi

"Toa sasa." Hao wachumaji hawahitaji saa.

Ngosha_Mtata

Shangazi wa Lushoto, vikombe viwili na nusu, chumba cha Mbagala, wiki moja?

Hiyo sasa ndiyo chai.